Mke Wako Ana Cheti cha Ndoa?

Mimi ni mtu wa reli, kwetu Kilifi. Mwenzetu mmoja alifariki, na mjane wake akaenda kudai haki yake. Mahari yalitolewa mbele ya wazee, lakini ofisini aliulizwa cheti cha ndoa. Hakuwa nacho, akarudi mikono mitupu.

Ndugu, N.S.S.F., iliyoanzishwa mwaka 1965, hulipa wategemezi wa mwanachama aliyefariki. Lakini yataka ushahidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yazitambua ndoa za kimila na za Kiislamu pia, nayo yataka ziandikishwe. Basi nendeni kwa msajili mkiwa hai. Andikisheni pia jina la mke N.S.S.F. Nanyi akina mama, wekeni namba ya mume na vyeti mahali pamoja.