Mgeni Katika Nchi Yake: Habari za Wamakonde wa Kwale

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Baada ya matangazo, wanafunzi wasome aya moja moja kwa zamu.)

Tafadhali ketini mahali ambapo kila mtu ataisikia redio vizuri. Na wewe mwalimu wa darasa, andika ubaoni maneno haya matano, kwa herufi kubwa: NCHI, KABILA, TAIFA, RAIA, KITAMBULISHO. Twende pamoja.

Nchi ni ardhi na mipaka yake. Kabila ni watu wa asili moja na lugha moja. Taifa ni watu wa makabila mengi waliokubali kuishi chini ya sheria moja na bendera moja. Raia ni mtu ambaye sheria ya nchi inamtambua kuwa ni wake. Kitambulisho ni karatasi au kadi inayoonyesha kwamba mtu huyo kweli ni raia.

Sasa nawaulizeni: Je, mtu aweza kuzaliwa katika nchi, akalima hapo, akaoa hapo, akazika wazazi wake hapo, na bado asiwe raia? Wengi mtasema haiwezekani. Lakini imewezekana, tena hapa hapa Kenya. Leo nitawaeleza habari za Wamakonde wa Kwale, watu ambao kwa miaka mingi waliitwa wageni katika nchi waliyozaliwa.

WALITOKA WAPI?

Kwao Wamakonde kwa asili ni pande mbili za mto Ruvuma. Upande wa kaskazini ni Tanzania, katika nchi ya juu ya Newala na Mtwara. Upande wa kusini ni Msumbiji, katika nchi ya juu ya Mueda. Ni watu mashuhuri kwa kuchonga vinyago vya mpingo. Zamani wengi wao walikuwa na desturi ya kuchanja chale usoni.

Katika miaka ya 1930 na 1940, wakati Msumbiji ilipotawaliwa na Wareno na Kenya ilipotawaliwa na Waingereza, Wamakonde wengi walikuja pwani ya Kenya kutafuta kazi. Mashamba makubwa ya mkonge na ya miwa yalihitaji watu wenye nguvu, nao walipata kazi huko. Wengine walikuja baadaye, wakikimbia vita vya kupigania uhuru wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964. Wengi walikaa katika nchi ya Kwale. Kijiji kimoja kinachojulikana sana kwa habari zao ni Makongeni, karibu na Msambweni.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wamakonde walipewa jembe, na panga la kukatia mkonge pia. Walilishika wao, wakalishika watoto wao, kisha wajukuu wao. Lakini jina la mgeni halikuwatoka.

KWA NINI HAWAKUWA RAIA?

Hapa yafaa tusikilize kwa makini, maana jambo lenyewe ni la sheria.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Katiba ya siku hiyo ilisema hivi: mtu aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya, alikuwa raia pasipo kuomba. Lakini kama wewe ulizaliwa Kenya na wazazi wako wote wawili walizaliwa nje, ilikupasa kuomba uandikishwe. Muda wa kuomba ulikuwa miaka miwili.

Mfikirieni sasa kibarua wa mkonge mwaka 1964. Ameamka alfajiri, amekwenda kondeni, amerudi jua limetua. Hajui kusoma. Tangazo la serikali limeandikwa kwenye karatasi, tena pengine kwa lugha asiyoijua. Nani atamwambia kwamba siku zinahesabiwa? Miaka miwili ilipita kama upepo. Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika leo mtaelewa upesi kuliko wengine hasara ya jambo hili.

Tena mwaka 1985 katiba ilibadilishwa. Kuzaliwa katika ardhi ya Kenya peke yake hakukutosha tena. Ilikuwa lazima mzazi awe raia. Basi, ambaye baba yake na mama yake hawakuandikishwa, naye alikosa. Watoto wake nao wakakosa. Kosa halikuwa la mtoto, lakini aliurithi ukosefu huo kama vile wengine wanavyorithi shamba.

MAISHA PASIPO KITAMBULISHO

Katika Kenya kitambulisho hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Asiye nacho hupata taabu katika mambo mengi. Nitayataja machache, nanyi mhesabu kwa vidole.

Kwanza, hapigi kura. Pili, hawezi kuweka fedha benki kwa jina lake. Tatu, hawezi kuandikisha laini ya simu, wala kupokea fedha kwa simu kwa jina lake mwenyewe. Nne, ni shida kupata hati ya shamba, hata kama amelilima miaka 40. Tano, akisafiri huwa na hofu kila aonapo kizuizi cha polisi barabarani. Sita, mtoto wake hupata shida ya cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hicho huwa shida kuandikishwa kwa mtihani shuleni.

Kwa hiyo wengine walifanya hila ambayo iliwauma moyoni. Walijiandikisha kwa majina ya makabila ya majirani. Mtu akaacha jina alilopewa na babu yake, akachukua jina la ukoo wa watu wengine, ili apate kadi. Hapo mtu anatambulika serikalini, lakini nyumbani hajitambui. Tuna methali isemayo: Mkana kwao ni mtumwa. Je, na yule aliyelazimika kukana kwao ili apate kula, tumwite nani? Jadilianeni darasani.

Vijana wao walikuwa na taabu nyingine. Hawakuiona Mueda hata siku moja. Lugha yao ni Kiswahili, na wengi wanajua Kidigo cha majirani zao. Kama wangeambiwa, “Rudini kwenu,” wangerudi wapi? Msumbiji hawakuandikwa katika kitabu chochote. Kenya pia hawakuandikwa. Kijana wa namna hii huimba wimbo wa taifa shuleni pamoja na wenzake, kisha akifika miaka 18 huambiwa kwamba taifa hilo si lake. Hapana shaka moyo wake hupoa. Huanza kujiuliza: Mimi ni nani? Nchi hii naipenda, lakini je, yenyewe yanipenda?

SAFARI YA MWAKA 2016

Mwaka 2010 Kenya ilipata katiba mpya, na mwaka 2011 ikatungwa sheria mpya ya uraia. Sheria hii ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote, ambao wameishi Kenya mfululizo tangu uhuru, pamoja na watoto wao. Waliambiwa waombe katika muda wa miaka 5. Lakini muda ule ulikwisha mwezi wa Agosti 2016, na Wamakonde walikuwa bado wanangoja.

Hawakushika mawe, wala hawakuchoma kitu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mamia yao walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 400, ili wapeleke haja yao kwa Rais. Walikuwamo wanawake na wazee. Watu wa haki za binadamu waliwasaidia. Walifika Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akawapokea. Aliamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwezi wa Desemba kupita. Mwezi huo wa Desemba wakaanza kuvipokea, na mwaka 2017 serikali iliwatangaza kuwa kabila la 43 la Kenya.

Zamani tulizoea kusema kwamba Kenya ina makabila 42. Sasa mnaona kwamba hesabu ile inaweza kuongezwa. Baadaye Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kwa kazi ya dini, walikubaliwa, na mwaka 2021 walipewa vyeti vya uraia. Mwaka 2023 Wapemba wanaoishi katika pwani ya Kenya nao walitambuliwa. Jirani zetu wa Tanzania walifanya jambo kubwa zaidi: mwaka 2014 waliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa asili ya Burundi. Hao ni wale waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, pamoja na watoto wao.

MWENZETU MMOJA ATAULIZA

Huenda mwenzetu mmoja darasani atainua mkono na kusema, “Mwalimu, tukimpa kila mtu uraia, si wageni watatumaliza ardhi?” Hilo ni swali la haki, wala tusimcheke.

Jibu ni kwamba sheria ya mwaka 2011 haikuacha mlango wazi ovyo. Ilimtaka mwombaji awe amekaa Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963. Ilimtaka ajue Kiswahili au lugha ya mahali. Ilimtaka asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi. Ilimtaka afahamu haki na wajibu wa raia, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Mtu mwenye sifa hizi zote hajaja kuchukua nchi. Amekuwa akiijenga pamoja nasi.

Lakini yafaa tuseme kweli: kadi haimalizi mambo yote. Serikali yaweza kukuandika raia siku ya Jumatatu, na Jumanne jirani yako akakuita mgeni kisimani. Yako maneno madogo yanayoumiza: “Hawa si wa hapa,” “Watu wa kuja,” “Kwenu hasa ni wapi?” Wasemewao ni wengi, wala si Wamakonde peke yao. Pengine hata humu darasani yuko mtu aliyeambiwa hivyo. Kama yuko, namwambia kwamba mashaka yake si dalili ya kutoipenda nchi. Mtu asiyeipenda nchi hajisumbui kuuliza kama nchi inampenda.

Wala si lazima mtu aache kabila lake ili awe wa taifa. Mmakonde wa Kwale aweza kuchonga kinyago chake, kucheza ngoma yake, kuwafundisha watoto lugha ya babu yake, na kupiga kura kama Mkenya mwingine yeyote.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mtoto akizaliwa, aandikishwe mapema. Katika Kenya, kuandikisha baada ya miezi sita huhesabiwa kuwa kumechelewa, na kazi huzidi. Pili, lisome jina lililoandikwa kwenye cheti, herufi kwa herufi, kabla hujaondoka ofisini. Sasa mnajua kusoma. Msimwachie karani peke yake. Tatu, hifadhi karatasi zako mahali pakavu: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho. Nne, kijana wako akitimiza miaka 18, mhimize akaombe kitambulisho. Tano, ukiona jirani anazungushwa ofisini kwa sababu ya asili yake, fuatana naye kwa chifu ukatoe ushahidi wa yale unayoyajua. Ushahidi wa jirani una uzito.

MASWALI YA DARASA

1. Kuna tofauti gani kati ya kabila na taifa?
2. Kwa nini Wamakonde wengi hawakuandikishwa baada ya uhuru? Tajeni sababu mbili.
3. Katika kijiji chenu, ni nani huitwa mgeni? Amekaa miaka mingapi?
4. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano zenye kichwa hiki: “Kwetu ni hapa.”

Wiki ijayo, kwa saa hii hii, tutajifunza kujaza fomu ya kuombea cheti cha kuzaliwa, mstari kwa mstari. Njoni na kalamu. Kwa leo nawaageni. Kwaherini.