Raia Waajiriwao Kambini: Manung'uniko Yana Meza Yake

(Hotuba ya afisa wa kazi mstaafu mbele ya mkutano wa polisi na jamii mjini Jinja, iliyorudiwa baadaye mjini Mbale. Tumeichapa kama ilivyosomwa Jinja, na mwishoni tumeongeza jibu la swali lililoulizwa Mbale.)



Mmenialika nizungumze juu ya mashauriano kazini. Nilipopokea barua ya mwaliko nilijiuliza, kama pengine baadhi yenu mnavyojiuliza sasa, jambo hili lawahusu nini polisi. Mpishi akizozana na msimamizi wake juu ya saa za kazi, hilo ni la jikoni. Fundi akidai viatu vya kazi, hilo ni la karakana. Lakini wale waliokaa katika meza ya zamu kituoni wanajua kwamba mambo hayo hayakomei huko. Mtu aliyenyamazishwa mchana hulalamika usiku kilabuni. Mtunza ghala asiyelipwa malipo yake ya ziada huanza kujilipa kwa mkono wake mwenyewe, debe moja la mafuta leo, blanketi mbili kesho. Uvumi hutoka langoni, hufika sokoni, na ukirudi kambini umeshakuwa na pembe. Faili linapofunguliwa polisi huandikwa wizi, au shambulio, au kuharibu mali. Hakuna anayeandika kwamba yote yalianza kwa swali lililokosa mtu wa kulijibu.

Mji huu wa Jinja una sababu ya pekee ya kulielewa neno hili. Wazee waliopo hapa watakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, mambo ya Januari 1964. Uhuru ulikuwa na umri wa miezi kumi na mitano tu. Tarehe 20 ya mwezi ule askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 ikawa zamu ya kambi yetu ya Jinja, na siku iliyofuata moto ukafika Lanet, karibu na Nakuru, nchini Kenya. Walichodai hapa hakikuwa siri: mishahara, na nafasi za maafisa ambazo bado zilishikwa na Waingereza. Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, alikuja kuzungumza nao, nao wakamzuia kambini mpaka alipokubali nyongeza. Serikali iliwaita askari wa Uingereza waje kuizingira kambi ya nchi huru. Serikali za Tanganyika na Kenya zilifanya vivyo hivyo.

Sisemi kwamba maasi yale yalikuwa halali, hayakuwa. Wala siwalinganishi wapishi na maseremala wetu na askari wenye bunduki. Ninalotaka mlitazame ni mpangilio wa mambo. Waziri alikwenda kuzungumza mambo yalipokwisha kuharibika. Mazungumzo yale yale, juu ya mishahara ile ile, yangaliweza kufanyika miezi mingi kabla, juu ya viti, kwa karatasi na kalamu. Nyongeza ilitolewa, lakini wapo walioipata na wapo waliofukuzwa, na nchi ikajifunza somo baya kwamba anayetisha ndiye husikilizwa. Somo hilo tulililipia kwa miaka mingi.

Sasa nije kwa raia. Jeshi halijapata kuishi bila raia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliopigana na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki walibebewa chakula na risasi na wapagazi, wakiwamo watu wa Uganda. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo ndilo lililobaki katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Watu wengi hununua nyanya Kariakoo bila kujua kwamba wanalitamka jina la kaburi. Wapagazi wale hawakuwa na pa kusemea. Hawakuwa askari, basi heshima ya askari hawakupewa; wala hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi huru, basi haki ya mfanyakazi hawakuijua.

Fikra ya kwamba wao ni watu wa kati, wasio huku wala kule, bado imo vichwani mwa wafanyakazi raia wengi wa kambi. Ninaisikia kila mara: "Mzee, sisi ni watu wa jeshi, sheria ya kazi haituhusu." Naomba leo tuizike fikra hiyo hapa Jinja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba haiwahusu Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda, isipokuwa wafanyakazi wake raia. Maneno hayo ni machache lakini yana uzito. Askari yuko chini ya sheria yake ya kijeshi. Wewe mpishi, wewe karani, wewe fundi bomba uliyeajiriwa kama raia, uko chini ya sheria ile ile imlindayo mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kakira. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi nayo inawatenga askari walio katika utumishi, haikutengi wewe. Na Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda au kujiunga na chama cha wafanyakazi, kujadiliana kwa pamoja na kuwakilishwa, na hata kusitisha kazi kwa kufuata sheria. Askari na polisi hawana chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo, maafande, msishangae raia wa kambi akiwa na haki ambayo ninyi wenyewe hamnayo. Sheria ndivyo ilivyotaka.

Nitawapa kisa kimoja. Kambi sitaitaja, wala wilaya. Nilipokuwa bado kazini alinijia mama mmoja, mpishi, mkono wake wa kulia umejikunja kwa kovu. Sufuria kubwa ya uji ilimponyoka yeye na mwenzake, ikammwagikia. Alitibiwa, akarudi kazini, na vidole viwili havikunyooka tena. Nilimwuliza ilikuwa lini. Akasema imepita miezi mitano. Sheria inataka taarifa ya ajali impate mwajiri ndani ya mwezi mmoja. Nikamwuliza, kwa nini ulingoja? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu: "Jikoni waliniambia, mtu wa jeshi hashitaki."

Kilichomwokoa hakikuwa ujuzi wangu. Koplo mmoja wa zamu, mtu mwenye mwandiko mzuri, alikuwa ameandika katika daftari la jikoni siku ile ile: jina, saa, sufuria, mkono wa kulia, amepelekwa hospitali. Mistari minne. Mwajiri aliyekwisha kujua ajali hawezi kujificha nyuma ya taarifa iliyochelewa. Tuliketi na maafisa wa utawala, daftari likafunguliwa mezani, na ubishi ukaisha kabla chai haijapoa. Fidia alilipwa. Nawaambia kwa haki kwamba afisa aliyeketi upande wa pili hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajapata kuambiwa. Ngazi tatu zilizokuwa kati yake na jiko zilidhani, kila moja, kwamba ngazi nyingine imeshamwambia.

Hapo ndipo mashauriano yanapohitajika. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiri ni adabu tu, ni kuitwa na mkubwa, kupewa soda, na kuambiwa yaliyokwisha kuamuliwa. Huo ni mkutano wa matangazo. Mashauriano ni kumwuliza mtu kabla ya kuamua jambo litakalomgusa, kumsikiliza, na kumjibu. Waingereza, walipochoshwa na migomo wakati wa Vita Kuu, waliunda kamati chini ya J. H. Whitley, nayo mwaka 1917 ikapendekeza mabaraza ya pamoja ya wakubwa wa kazi na wafanyakazi. Miaka miwili baadaye serikali yao iliingiza mpango huo katika utumishi wake yenyewe. Hapa kwetu Bunge lilipitisha mwaka 2008 sheria ya majadiliano, mashauriano na utatuzi wa migogoro katika utumishi wa umma, iliyoweka kamati za mashauriano katika wizara, idara na serikali za wilaya, na juu yake baraza la taifa. Raia wa kambi na aulize ni kamati ipi inayomhusu. Akiambiwa haipo, aombe jibu hilo kwa maandishi.

Kuna jambo dogo ambalo mimi nalipa uzito kuliko mengine yote, hata kuliko sheria nilizozitaja: kumbukumbu za mkutano. Nimeona kamati zenye wajumbe waliochaguliwa vizuri, zikikutana kila robo ya mwaka, na bado hazifai kitu, kwa sababu hakuna aliyeandika ni nani aliahidi nini, na kwa tarehe gani. "Suala la aproni litashughulikiwa." Na nani? Lini? Mkutano ufuatao suala linaulizwa upya kana kwamba limezaliwa jana. Baada ya mara ya tatu wafanyakazi huacha kuuliza, na mkuu wa kambi hufurahi kwamba utulivu umerudi. Maafande wa upelelezi wanaujua utulivu wa namna hiyo. Huo ndio wakati mafuta huanza kupungua katika mapipa.

Na lugha. Sheria yasema mtu asiachishwe kazi kwa kosa au utendaji mbaya kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mtu wa kumsindikiza aliyemchagua mwenyewe. Kiswahili ni lugha ya majeshi yetu tangu zamani, nami nakipenda. Lakini Kiswahili cha kambini mara nyingi ni cha amri: njoo, nenda, simama. Mama wa Kisoga aliyejifunza maneno hayo matatu hawezi kujitetea kwayo. Atafutiwe mkalimani.

Nimemaliza niliyotumwa. 

*

(Mbale, ambako wasikilizaji wengi walikuwa majirani na wafanyakazi wa kambi ya Bugema, mtunza ghala mmoja aliuliza: "Mzee, nikisema haya hawataniita msaliti? Na je, mambo ya jeshi si ya siri?" Hotuba iliongezewa maneno yafuatayo.)

Mwanangu, umeuliza swali ambalo Jinja walilinong'ona tu. Nalijibu kwa kulikata vipande viwili.

Siri zipo, na ni wajibu wako kuzitunza. Idadi ya silaha, magari yanakokwenda na saa yanapoondoka, nani yuko safarini, hayo hayaingii katika meza ya mashauriano. Hayaingii hata katika maongezi na mkeo. Ukiyatoa nje hutakuwa mtetezi wa wafanyakazi, utakuwa mhalifu, na hawa maafande watakufuata kwa haki kabisa. Lakini kwamba paa la ghala linavuja, kwamba unanyanyua masanduku mazito peke yako, kwamba likizo yako ya mwaka, siku 21 kwa kiwango cha sheria, hujaiona tangu juzi na majuzi, kwamba mshahara wa Machi ulikuja Mei: hayo si siri ya taifa. Ni kazi. Wapo wasimamizi wanaopenda kulifunika paa linalovuja kwa neno "usalama," nami nasema mbele ya maafande hawa kwamba paa halizibwi kwa neno hilo.

Juu ya kuitwa msaliti, sitakudanganya kwamba jambo hilo haliwezekani. Hutokea. Ndiyo maana usiende peke yako, wala usiende usiku, wala usimpitishie habari mtu wa gazeti kabla ya kumwambia msimamizi wako. Andikeni barua moja, watu watano au sita, kwa heshima, mkitaja jambo moja tu na si kumi. Mpeni msimamizi, mwombeni atie sahihi kwamba amepokea, nanyi mbaki na nakala. Wiki zikipita bila jibu, nakala ipelekeni kwa afisa wa kazi wa wilaya. Si kosa kwa raia kumwendea. Amewekwa na sheria kwa ajili hiyo hiyo. Na mtu akikutishia mwili wako kwa sababu ya barua ile, hapo jambo si la kazi tena. Afisa wa uhusiano wa jamii aliyeketi pale nyuma, mwenye daftari la kijani, ameniambia anakaa ofisini kuanzia saa mbili asubuhi, na mlango wake hauko ndani ya kambi.