Kazi Haijapatikana, Mtu Hajapotea
Mada kwa vijana, wazazi na viongozi wa jumuiya ndogondogo, Kyela

Wapo waliotoka Matema na Ipinda, wapo waliotoka Ngonga, na wapo waliotoka mpakani Kasumulu, nao wameacha shughuli zao ili tulitafakari jambo linalozigusa karibu nyumba zetu zote. Tunamzungumzia kijana aliyehitimu chuo miaka mitatu, mitano, au hata saba iliyopita. Vyeti vyake vimo ndani ya bahasha. Ameomba kazi mara nyingi. Mahali pengine alijibiwa kwamba hakuchaguliwa, na mahali pengi hakujibiwa lolote. Tunajiuliza maswali mawili. La kwanza, afanye nini ili moyo wake usizimike na watu wasimsahau? La pili, sisi tunaoishi naye tuna wajibu gani?

1. Tuhesabu kabla ya kuhukumu

Mwaka 2014, zaidi ya watu 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walikuwa 135,027. Tufanye hesabu ndogo. Hata kama waombaji wote hao wangekuwa hodari na waaminifu, na hata kama usaili ungeendeshwa kwa haki isiyo na doa, watu 133,431 wangerudi nyumbani bila kazi. Basi anayesema, "Huyu hajapata kazi kwa sababu ni mvivu," na aitazame kwanza hesabu hiyo.

Hukumu ya namna hii ina asili yake. Kutafuta kazi mbali si jambo geni katika pwani hii ya ziwa. Katika miaka ya 1930 babu zetu walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya. Wengine walivuka hadi kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine hadi kwenye migodi ya Afrika Kusini. Kazi ilikuwa ngumu na ujira mdogo, lakini siku zile mawakala wa migodi ndio waliozunguka wakitafuta watu. Baada ya Uhuru, nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, na mhitimu wa chuo kikuu alipangiwa kazi na Serikali. Mzee aliyeyaona hayo anaamini, kwa dhati ya moyo wake, kwamba cheti na kazi ni mapacha. Hakushuhudia kwa karibu mabadiliko ya miaka ya 1990, watumishi wa umma walipopunguzwa na utaratibu wa kumpangia kila mhitimu kazi ukatoweka. Kwa hiyo humwuliza mwanawe swali la zama zake yeye, na mwana hana jibu la kumpa.

Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 22, inatambua kwamba kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba ukosefu wa kazi ni uovu, na kwamba unapozidi kiasi huwa janga la jamii. Alifundisha pia kwamba mwenye kutoa ajira hana wajibu huo peke yake. Serikali na taasisi zote zinazopanga mambo ya uchumi hushiriki katika wajibu huo. Mafundisho haya hayamwondolei kijana jukumu lake, ila yanamwondolea aibu isiyo yake.

2. Muda mtupu humla mtu

Huko Austria, katika kijiji cha Marienthal, kiwanda cha nguo kilichowalisha karibu wote kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuchunguza maisha ya watu wale, wakachapisha matokeo mwaka 1933. Wengi wangetazamia kwamba watu wasio na kazi wangesoma zaidi, kwa kuwa muda wanao. Ilikuwa kinyume: vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua. Wanaume walitembea polepole, wakasimamasimama njiani, na wengi waliacha hata kuvaa saa. Muda mwingi usio na mpango haukuwapa pumziko, bali uliwanyang'anya nguvu.

Je, hayo hatuyaoni kwetu? Kijana aliyekuwa akiimba kwaya anaacha mazoezi. Siku ya gulio anapita njia ya nyuma ya migomba ili asikutane na watu, kwa maana analiogopa swali moja tu: "Bado hujapata?" Baada ya mwaka mmoja wa kujificha, hata nafasi ikitokea hakuna anayelikumbuka jina lake.

Dawa ya kwanza ni ratiba. Wanaoomba kazi yafaa wauone utafutaji wenyewe kuwa kazi yenye saa zake. Asubuhi, mpunga na kakao vina madai yake, na hakuna aibu katika matope ya shamba la mzazi. Ndiyo yaliyolipa karo. Lakini ziwepo saa kadhaa za juma, zilizotengwa na zisizochezewa, za kusoma matangazo, kuandika barua na kuongeza ujuzi.

Dawa ya pili ni daftari. Andika tarehe uliyoomba, ofisi uliyoomba, nakala ya barua, jibu lililokuja, na jambo ulilojifunza. Bila daftari, maombi 30 yaliyokataliwa huonekana kama sauti moja inayosema, "Hufai." Katika daftari, kila ombi lina sababu yake: hili lilichelewa, lile lilitaka uzoefu wa miaka mitatu, na hili jingine lilikwama kwa sababu jina la cheti cha kidato cha nne halikulingana na la kitambulisho cha Taifa. Kasoro ya majina hurekebishwa kwa hati ya kisheria. Kukata tamaa hakuna hati ya kukurekebisha. Basi itengenezeni mapema kabla tangazo halijatoka, na kuwa na namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa mkononi, kwa kuwa nafasi za utumishi wa umma sasa huombwa kwa mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, na siku ya mwisho ikipita hakuna wa kumbembeleza.

3. Kuonekana si kujigamba

Akina mama wa Kikisi, huko Ikombe, hufinyanga vyungu vinavyosifika mbali. Lakini chungu hakiuziki kikiwa kimefichwa nyuma ya nyumba. Hupakiwa kwenye mtumbwi, kikafikishwa gulioni Lyulilo, karibu na Matema, kikawekwa mahali ambapo mnunuzi atakigonga kwa kidole asikie mlio wake. Mtu si chungu na hauzwi. Hata hivyo, vipaji vyake vinahitaji kufika mahali watu wanapokutana.

Msomi mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, aliwahoji wafanyakazi wa mji mmoja jirani na Boston juu ya namna walivyozipata kazi zao, akachapisha utafiti wake mwaka 1974. Zaidi ya nusu walizipata kwa kuambiwa na mtu. Na mtu huyo mara nyingi hakuwa ndugu wala rafiki wa kila siku, bali mtu waliyeonana naye kwa nadra. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: wale tunaokaa nao kila siku wanajua habari zile zile tunazozijua sisi. Habari mpya huletwa na anayetoka upande mwingine.

Kwa hiyo, kijana wa Kyela, usiishie kijiweni na wenzako watano ambao nao wanatafuta. Mwambie dereva wa lori la mchele anayekwenda Mbeya kila juma. Mwambie karani wa chama cha ushirika wakati wa minada ya kakao. Mwambie mwalimu wako wa zamani, wakala wa forodha pale Kasumulu, mganga wa zahanati, na mabaharia wa meli za ziwani. Na unapomwambia, usiseme tu, "Nitafutie kazi yoyote." Sema kwa ufupi na kwa heshima: "Shikamoo, mzee. Nimesomea uhasibu, naweza kufunga hesabu za chama kila mwezi, na ninatafuta nafasi." Neno "yoyote" halikumbukwi na mtu, neno "hesabu" hukumbukwa siku chama kitakapoharibikiwa vitabu vyake.

Aidha, kazi ndogo inayofanywa vizuri humwonyesha mtu. Anayeandika mizani ya kakao bila kumpunja mkulima, au anayefundisha masomo ya jioni, anajulikana kwa matendo. Aliyejifunza useremala, uashi au ufundi magari kwa fundi wa mtaani aulize VETA kuhusu utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao humpima na kumpa cheti kwa kile anachokijua tayari.

Lakini hapa haki nayo idai sehemu yake. Kujitolea ni jema. Kumtumikisha mtu bure miaka minne kwa ahadi ya maneno si jema. Anayejitolea apewe barua yenye muda wa kuanza na wa kumaliza, aelezwe kazi zake, na mwishoni apewe hati ya utumishi. Mwenye kukataa hata kuandika barua hiyo hatafuti msaidizi, anatafuta mtumwa.

4. Mitego iliyotegwa njiani

Njaa ya kazi huwavuta wawindaji. Wa kwanza ni yule anayeuza nafasi. Sekretarieti ya Ajira haiuzi kazi wala haimtozi mwombaji ada. Kwa hiyo anayekutaka utume fedha kwa simu "ili jina lako lipite" ni mwizi, na kama kweli ana mtu ofisini, basi wote wawili ni wezi.

Wa pili ni yule anayedai mwili wa mwombaji. Jambo hili husemwa kwa kunong'ona, nasi tunalisema kwa sauti: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa ni jinai. Namba ya TAKUKURU ni 113, nayo hupigwa bure. Binti anayekataa na kutoa taarifa asiulizwe na jumuiya alivaa nini, asindikizwe.

Wa tatu ni mwuza vyeti. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumika miaka mingi.

Wa nne ni wakala anayeahidi kazi nzuri ng'ambo ya mpaka au ng'ambo ya bahari, akakusanya hati za kusafiria za vijana. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Asiyeonyesha mkataba wa maandishi kabla ya safari asifuatwe.

5. Wajibu wetu sisi wengine

Kwanza, wazazi. Badilisheni swali. Badala ya "Bado hujapata?" ulizeni, "Juma hili umeomba wapi, na tukusaidie nini?" Swali la kwanza hufunga mlango, la pili huleta kiti.

Pili, jumuiya ndogondogo. Kila jumuiya iwe na orodha ya wanaotafuta kazi na ujuzi wa kila mmoja, nayo isomwe, si kwa kuaibisha bali kwa kukumbusha. Tunachangiana kwa moyo katika misiba na arusi. Nauli ya kwenda kwenye usaili ni mchango mdogo kuliko hiyo.

Tatu, parokia na taasisi zetu. Nafasi ikipatikana itangazwe mbele ya watu wote, isitolewe gizani kwa mpwa wa fulani. Hatuwezi kuidai haki halmashauri huku tukiinyima sakristiani.

Nne, viongozi wa kata na vijiji. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wanaojiunga katika kikundi wanayo haki ya kujua masharti yake, muda wa kuomba, na sababu ya kukataliwa.

Ndugu wapendwa, Injili inatuambia juu ya vibarua waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja ya jioni. Mwenye shamba alipowauliza sababu ya kukaa bila kazi, walisema hapakuwa na mtu aliyewaajiri. Hakuwaita wavivu, aliyapokea maneno yao. Tuzingatie mambo mawili. Wao, hata jioni ile, walikuwa bado wamesimama mahali pa kuonekana. Naye, hata jioni ile, alitoka tena kuwatafuta. Vijana, msiondoke sokoni. Nasi wengine tusichoke kutoka.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni nani anayetafuta kazi, na ana ujuzi gani? Tunawajua wote?
2. Je, wapo wanaojitolea bila barua wala muda maalumu? Tuwasaidieje bila kuwaharibia?
3. Mara ya mwisho nafasi ya kazi ilipopatikana katika kijiji au parokia yetu, ilitangazwaje?