Barua Inayofika Baada ya Likizo: Faini za Barabarani kwa Waliotembea Italia na Nchi Jirani kwa Gari



Jirani yangu mmoja hapa Ujerumani, mama muuguzi aliyebakiza miaka michache kustaafu, alibisha hodi kwangu jioni moja ya Novemba akiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani mlikuwa na barua saba. Nne zilikuwa hazijafunguliwa.

"Mwanangu," aliniambia kabla hata hajaketi, "hawa Waitalia nimewakosea nini? Mbona nilishawalipa?"

Agosti ya mwaka uliotangulia, yeye na wanawe wawili walikodi gari Pisa wakazunguka Toscana siku tisa. Likizo yenyewe ilikuwa nzuri, na picha nilikuwa nimeshaonyeshwa. Usiku mmoja waliingia mji wa zamani wakitafuta hoteli, wakakosa njia, wakazunguka mtaa na kupita tena palepale. Hawakusimamishwa na mtu, wala hakuna aliyepuliza filimbi. Walilala, wakaamka, wakanywa kahawa, wakaendelea na safari yao.

Sisi tuliojifunzia gari Tanzania au Kenya tumezoea kosa lenye uso. Trafiki ananyoosha mkono, unasogea pembeni, mnazungumza. Tanzania anakuandikia kwenye kimashine, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu shilingi 30,000, na kabla hujafika mji unaofuata umeshajua umekosa nini na unadaiwa kiasi gani. Kosa la Ulaya kwa sehemu kubwa halina uso. Kamera inapiga picha kimya, na barua inaweza kuchukua miezi kumi kukufikia. Naamini hilo ndilo linalotuponza wengi. Pesa tunazo, au tutazitafuta. Tatizo ni kwamba barua ikifika, safari imeshasahaulika, lugha ni ngeni, na mkono unaipeleka juu ya friji. Mama yangu huyu ndivyo alivyofanya. Alimsainia tarishi barua za rejista, akazipanga juu ya friji, akaenda zamu ya usiku.

Tulizitandaza zote mezani, tukazipanga kwa tarehe. Mbili alikuwa amezifungua kwa sababu alitambua nembo ya kampuni iliyomkodisha gari. Zilisema kadi yake imekatwa euro 45, mara mbili. Hapo ndipo neno "nilishawalipa" lilipotokea. Nikamwambia, "Mama, hizi 90 si faini. Hii ni ada ya kampuni kwa kazi ya kuwapa polisi jina lako na anwani yako. Faini zenyewe ziko kwenye hizi ambazo hujazifungua."

Naomba tukae hapa kidogo, maana kila mwaka naona kosa hilihili. Gari la kukodi likipigwa picha, manispaa inaiandikia kampuni kwanza, kwa kuwa namba za gari ni zake. Kampuni inajibu kwamba siku hiyo gari lilikuwa na fulani, anayeishi mahali fulani. Kwa jibu hilo inatoza ada, na kifungu cha ada kimo kwenye mkataba uliousaini pale kaunta huku watoto wanakuvuta shati. Baada ya hapo manispaa ndiyo inakuandikia wewe. Kwa hiyo ukiona kadi imekatwa euro 30, 45 au 60 na kampuni ya magari, usipumue kwamba yamekwisha. Ichukue kama taarifa kwamba faini iko njiani, ukaanze kutafuta risiti za hoteli na mkataba wako.

Bahasha nne ambazo hazijafunguliwa zilitoka manispaa. Mbili ni notisi za kwanza na mbili ni za kukumbusha. Ndani ya notisi mlikuwa na picha: nyuma ya gari, nyeusi na nyeupe, namba zinasomeka, taa ya breki ya kulia inawaka. Saa iliyoandikwa ni 21:47, yaani saa 3:47 usiku. Picha ya pili ni gari lilelile, kamera ileile, dakika sita baadaye. Mama aliitazama kwa muda mrefu. "Hapa ndipo tulipokuwa tunabishana na simu," akasema.

Kosa lenyewe Waitalia wanaliita ZTL, eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia. Firenze wanalo, Roma, Bologna, Pisa, na miji mingi midogo yenye mitaa ya kale. Alama yake ni duara jeupe lenye mzingo mwekundu, na mara nyingi chini yake kuna ubao wa taa wenye maneno "varco attivo". Kijana wake aliyekuwa anasoma ramani aliliona hilo "attivo" akaelewa kwamba lango linafanya kazi, yaani piteni. Maana yake ni kinyume kabisa: kinachofanya kazi ni katazo, na kamera imewashwa. Ubao ukiandika "varco non attivo" ndipo unapopita. Mtu asiyejua Kiitaliano ana kila sababu ya kuelewa vibaya, lakini sheria haimsamehei kwa hilo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hoteli yao ilikuwa ndani ya eneo hilo. Miji mingi huruhusu mgeni wa hoteli kuingia, ilimradi hoteli ipeleke namba za gari lake manispaa. Angeuliza pale mapokezi usiku ule, au hata kesho yake asubuhi, huenda barua hizi zisingekuwepo. Muda wa kupeleka namba hutofautiana mji na mji, na baadhi ya miji hukubali zipelekwe baada ya gari kuingia. Basi ukifika hoteli yoyote iliyo katikati ya mji wa Italia, kabla hujauliza nywila ya intaneti, uliza kuhusu namba za gari.

Sasa kuhusu saa inayohesabiwa. Sheria ya barabara ya Italia, ile ya mwaka 1992, inataka mkazi wa nje apelekewe notisi ndani ya siku 360. Kwa mkazi wa Italia ni siku 90. Gari likiwa la kukodi, hubishaniwa siku hizo zianze kuhesabiwa lini, kwa sababu manispaa husema haikukujua mpaka kampuni ilipokutaja. Kwa hiyo barua iliyochelewa sana ina hoja ndani yake, lakini usiitupe kwa kuhesabu peke yako tangu siku ya safari.

Ukishapokea notisi, saa ni yako. Tuchukue faini ya ZTL kwa viwango vya miaka ya karibuni: chini euro 83, juu euro 332, na gharama za kutuma barua pembeni. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu kupokea, unapunguziwa asilimia 30, unalipa 58.10. Ukilipa ndani ya siku 60, unalipa 83. Siku 60 zikipita hujalipa wala hujapinga, deni linakuwa nusu ya kile kiwango cha juu, yaani 166, na kila miezi sita linaweza kuongezwa asilimia 10. Kwa barua mbili za mama, tofauti ni kati ya euro 116.20 na euro 332. Tofauti hiyo yote ilikaa juu ya friji.

Siku 5 ni chache, na uhamisho wa benki nao unataka siku zake, kwa hiyo usingoje ya tano. Andika kwenye malipo namba ya notisi na namba za gari, kila notisi kwa malipo yake. Ukizijumlisha mbili kwenye muamala mmoja, fedha zinaweza kuonekana zimelipia moja tu, na utaanza kuandikiana barua upya.

Kupinga kunaruhusiwa, na mwenye hoja asiogope. Kuna njia mbili. Unaweza kumwandikia Prefetto, mwakilishi wa serikali mkoani, ndani ya siku 60, bila ada. Hatari yake ni kwamba akikukatalia atakuandikia kiasi kisichopungua mara mbili ya kiwango cha chini. Njia ya pili ni hakimu wa amani, Giudice di Pace, ambapo mkazi wa Italia ana siku 30 na sisi wa nje tuna 60. Kwa madai madogo ada yake ni euro 43. Ukishalipa faini huwezi tena kuipinga, hata kwa hoja ya dhahabu. Kwa maoni yangu, pinga ukiwa na karatasi mkononi: gari si lako, ulishalirudisha siku ile, hoteli ilithibitisha namba zako, au notisi ilitoka nje ya muda. "Sikuona alama" si karatasi.

Najua kuna ndugu hapa atakayesema, na wengi wameshaniambia: "Usilipe. Wewe uko Ujerumani, wao wako Italia, watakufanya nini?" Swali hili linastahili jibu kamili.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana Februari 2005 kutambuliana adhabu za fedha. Ujerumani ilianza kuutekeleza uamuzi huo tarehe 28 Oktoba 2010, na mwenye kazi hiyo ni Ofisi ya Shirikisho ya Haki iliyoko Bonn, inayofupishwa BfJ. Faini pamoja na gharama zake ikifika euro 70, nchi nyingine inaweza kuiomba ofisi hiyo ikudai. Maombi mengi huja kutoka Uholanzi. Kwa Austria kuna mkataba wa zamani zaidi, na kiwango chake ni euro 25 tu. Uswisi, ambayo haimo kwenye Umoja, iliingia kwenye utaratibu wa namna hii na Ujerumani Mei 2024. Ndugu zetu wa Uingereza wako nje ya mpango wa Umoja tangu tarehe 31 Desemba 2020, lakini faini haifutiki kwa sababu hiyo. Inabaki nchini ilikoandikwa, ikimngoja mwenyewe arudi. Italia deni la namna hii huishi miaka 5, na kila hatua halali ya kulidai huanzisha hesabu upya.

Barua ya Bonn nayo ina haki zako ndani. Kama wewe si uliyekosa, na kule nje hukupewa nafasi ya kusema hivyo, iambie BfJ na uombe ikatae. Kama notisi ya awali iliandikwa kwa lugha usiyoielewa, bila tafsiri ya mambo ya msingi, liseme hilo pia. Na wenye hofu ya pointi za udereva zinazowekwa Flensburg watulie: kosa la Italia halikuletei pointi huku.

Kuna aina nyingine ya barua, ya wakala wa kukusanya madeni au wakili. Hapa uliza kwanza deni ni la nini. Kama ni faini ya serikali, wakala binafsi anaweza kukuomba tu. Wa kukulazimisha hapa Ujerumani ni BfJ. Kama ni tozo ya barabara ya kulipia au ada ya maegesho, hilo mara nyingi ni deni la kiraia na unaweza kushtakiwa mahakamani. Mfano maarufu ni wa Pula, Kroatia, ambako tiketi ya maegesho ya kuna 100 (sarafu ya Kroatia ya wakati huo), kama euro 13, ilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 9 Machi 2017 Mahakama iliamua kwamba hati iliyotolewa na mthibitishaji wa Kroatia si hukumu ya mahakama ya kutekelezwa nchi nyingine kama hukumu. Haikusema deni halipo. Ukipata barua ya namna hiyo, angalia ni nani aliyeitoa, mahakama au mthibitishaji, kabla hujatoa senti au kuichana.

Barua ya saba ya mama ilikuwa ya barabara ya kulipia. Aliingia njia ya Telepass, ya wenye kifaa garini, kizuizi kikafunguka, mashine ikatoa karatasi. Ile karatasi inakupa siku 15 za kulipa bila nyongeza. Aliitumia kufungia gamu ya mtoto.

Hatukuweza kumwokoa na ile 332. Muda wa kupinga ulikuwa umepita, na barua niliyoiandikia manispaa kueleza habari ya hoteli ilijibiwa kwa mistari mitatu ya heshima. Alilipa kwa awamu mbili, Desemba na Januari, akaniletea risiti nimtunzie.

Baada ya chakula cha mchana nitakuwa kwenye meza iliyo karibu na dirisha hadi saa kumi na moja. Mwenye barua aje nayo, na aje na bahasha yake pia, maana tarehe ya kuipokea ndiyo tutakayoanza kuihesabu. Ambazo hazijafunguliwa zileteni hivyohivyo, tutazifungua pamoja.