Sukari ya 180 na Sukari ya 10: Je, Mgonjwa Amepona?

(MUZIKI WA KUFUNGULIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia karatasi ya majibu ya damu.

Tuseme mama mmoja alipimwa sukari kule Uvira, akaandikiwa 180. Amefika kambini, amepimwa tena, karatasi inasema 10. Nyumbani wanashangilia: sukari imeshuka, mama amepona! Anaacha vidonge.

Wapendwa, hajapona. 180 na 10 ni sukari ileile.

Kwetu Kongo na Burundi, majibu mara nyingi huandikwa kwa miligramu au kwa gramu. Hapa Tanzania hutumia kipimo kinachoitwa milimoli. Ni kama kupima mchele kwa kilo au kwa kopo: namba inabadilika, mchele ni uleule. Ukitaka kulinganisha, chukua namba ya hapa, zidisha kwa 18. Kumi mara 18 ni 180. Na ikiwa karatasi ya zamani inasema 1.80, hiyo ni gramu, na ni sukari hiyohiyo.

Sasa shikeni namba hizi za hapa. Mtu akipimwa asubuhi, hajala kwa masaa manane au zaidi, chini ya 6.1 ni kawaida. Kuanzia 7 kwenda juu ni dalili ya kisukari, na daktari hurudia kipimo ili ahakikishe. Kwa hiyo kama ulikunywa chai au uji, mwambie mpimaji kabla hajakutoboa kidole.

Kwa anayetumia dawa za sukari: ikiwa chini ya 4, ukatetemeka na kutoka jasho, kunywa maji yenye sukari mara moja, kisha nenda kituo cha afya.

(MUZIKI MFUPI)

Kuna namba nyingine inayochanganya watu: TSH, kipimo cha tezi ya shingo. Hii inasomwa kinyume. TSH ni amri inayotoka kichwani kuiambia tezi ifanye kazi. Tezi ikilegea, amri inaongezeka. Kwa hiyo TSH ya juu kwa kawaida ni tezi iliyolegea: uchovu, kusikia baridi, kunenepa. TSH ya chini mara nyingi ni tezi inayozidisha kazi: moyo kwenda mbio, kukonda. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa kawaida, lakini angalia kiwango kilichochapwa pembeni mwa jibu lako.

Ndugu msikilizaji, tunza karatasi zako zote, hata za zamani. Nenda nazo kliniki, uliza: "Hii ni kipimo gani?" Na usiache dawa kwa sababu ya namba kabla hujazungumza na daktari.

Mpelekee jirani habari hii. Tukutane kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)