Msichome Bahasha Kuukuu

(Maneno tuliyowaambia wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Isiolo)

Leo hatukuja na habari za mbuzi wala za mikopo. Tumekuja na habari ya stempu. Msicheke kwanza.

Katika stoo za makanisa, za shule na za vikundi kuna maboksi ya barua za zamani. Tangu simu zienee barua ni chache, na yale maboksi yanaliwa na mchwa au yanawashiwa moto wa chai. Tunawaomba, kabla ya kuchoma, angalieni pembe ya kila bahasha.

Mwaka 1989 Kenya ilitoa stempu nne za twiga, zenye alama ya panda ya shirika la WWF. Twiga gani? Si wa Mara. Ni huyu wetu wa Isiolo na Samburu, mwenye madoa makubwa ya hudhurungi yaliyotengwa na mistari myeupe kama wavu. Watu wa Ulaya ambao hawajakanyaga Buffalo Springs wanamtunza ndani ya albamu. Mtoto wa Ngaremara anampita njiani akienda kuchota maji, na pengine hakuna aliyemwambia kwamba mwaka 2018 twiga huyu aliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Kuna nyingine za 1977, mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Zamani stempu zilikuwa za pamoja, Kenya, Uganda na Tanzania. Katika hizi za Kenya yenyewe kuna nguva, mamba, kobe, mbega mwekundu, na hirola, yule swala wa upande wa Garissa. Hirola waliobaki leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500! Mzee aliyechunga ng'ombe kule, akishika stempu hiyo, atawaeleza watoto mengi kuliko sisi na chati zetu.

Hata popo ana stempu. Morisi walimchapa popo wao mla matunda mwaka 1978. Sisi hapa tunamrushia mawe tukisema ni mkosi, na kumbe wale wadogo wanakula wadudu usiku kucha, mbu wakiwemo.

Haya, kazi yenyewe. Usibandue stempu kavu, itararuka. Kata bahasha ukiacha karatasi kidogo pande zote, loweka kwenye maji baridi mpaka ijiachie, halafu anika kivulini juu ya kitambaa safi. Bahasha za rangi ziloweke peke yake, zinachuja. Na muhuri wa posta ukisomeka vizuri, Isiolo na tarehe, usikate kitu; weka bahasha nzima, wakusanyaji wanaipenda hivyo. Selotepu na gundi, hapana kabisa.

Pesa je? Tuseme ukweli: stempu ya kawaida iliyotumika haina bei ya maana. Mtu akiwaahidi utajiri, mwulizeni mbona hajatajirika yeye.

Tutapita kwa kila kikundi na mabeseni ya kulowekea. Ninyi leteni bahasha, watoto, na mzee mmoja anayewajua wanyama wa zamani.