Kutoka Ubaoni Hadi Kwenye Mitaji ya Watu

(Hotuba kwa walimu na watumishi wa umma, Nanyamba, mkoani Mtwara)



Nimeombwa nizungumzie swali linalowasumbua wengi humu ukumbini: je, mtu aliyesomea ualimu aweza kuhamia kazi ya kusimamia mitaji ya watu, asionekane mvamizi?

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, serikali ilitaifisha mabenki. Ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, na uongozi wake akakabidhiwa Ndugu Amon Nsekela. Ndugu huyo hakulelewa katika benki. Katika miaka ya 1950 alikuwa mwalimu huko Rungwe.

Lakini tusidanganyane. Nsekela hakufuta ubao jioni akashika funguo za benki asubuhi. Katikati palikuwa na utumishi serikalini, hadi ukatibu mkuu wa Hazina. Ualimu humzoeza mtu subira na uangalifu wa kumbukumbu. Haumfundishi kupima hisa wala hatifungani. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilianzishwa mwaka 1972 kwa sababu taifa lilihitaji watu waliofundishwa kazi hiyo, na leo mshauri wa uwekezaji hana budi kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Anayepokea fedha za jirani bila leseni, hata awe mcha Mungu, mwiteni kwa jina lake.

Hapa kwetu fedha za korosho huja kwa msimu, baada ya mnada, na ada za shule hazingoji mnada. Mkulima akinunua vipande vya Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, hamjui anayesimamia fedha zake kule Dar es Salaam. Anahitaji mtu wa kumweleza, kwa lugha anayoielewa, kwamba thamani ya kipande hupanda na pia hushuka. Wahitimu wengi wa biashara niliowasikia hawawezi kulieleza hilo bila kumtisha mzee wa watu. Nyinyi mnaweza, ndiyo kazi mnayoifanya kila siku.

Kwa hiyo msiandike barua za kuacha kazi wiki hii. Gombeeni kwanza nafasi katika kamati ya usimamizi ya chama chenu cha akiba na mikopo. Fungueni vitabu vya miaka mitatu iliyopita, muulize fedha zisizokopeshwa zimewekwa wapi na zimezaa nini. Atakayeona raha katika maswali hayo, na akayastahimili majibu yake, huyo na aombe nafasi ya masomo.